Zimebaki Ngapi

Tarehe nane, kahawa haijachemka,
simu inalia mara moja:
yuro kumi na moja na senti tisini na tisa zimetoka.
Zimekwenda kwa marehemu.

Alikufa Februari, ndani ya mashine ya kufulia,
mfukoni mwa sare yangu ya posta.
Nilimsikia akigonga kioo, ko, ko, ko,
nikadhani ni kifungo.
Nilipomtoa alikuwa safi kuliko siku aliyonunuliwa,
uso mweusi ti, na tone moja la maji limenasa ndani.

Nikamlaza kwenye mchele siku tatu.
Mama akauliza, "Deolinda, na huo mchele tutaula?"
Tuliula.

Mimi ni mpeleka barua wa Covilhã,
mji uliojengwa na mtu aliyechukia magoti ya wenzake:
ngazi, kisha ngazi, kisha mlango wa mtu ambaye hayupo.
Miaka kumi na tisa nimepanda bila kuhesabiwa,
hadi mpwa wangu Ivo aliponivisha ile saa
na ghafla nikawa na idadi.
Hatua elfu ishirini na moja!
Fataki zikalipuka kwenye kioo, ndogo kama punje za ulezi.
Hakuna aliyewahi kunipigia fataki kwa kupeleka bili za maji.

Sikatai, nilinogewa.
Kuna usiku nilizunguka meza ya jikoni
nikitafuta hatua mia mbili zilizopelea,
paka nyuma yangu, akidhani kuna samaki.

Kufa kwake si neno. Vyombo hufa.
Neno ni kwamba kujitoa kwenye ada
kunataka namba sita za siri,
na namba hizo hutokea kwenye uso wa saa.

Niliwaandikia. Wakajibu: asante, tafadhali tazama saa yako.
Nikaandika tena: saa imekufa.
Wakajibu: pole sana. Ili kuripoti hitilafu, tazama saa yako.

Mei nikapiga simu. Dakika arobaini na tano za kinanda,
kisha kijana, anajiita Telmo,
sauti ya mtu aliyekaa tangu alfajiri.
Akanisomea karatasi yake: miezi miwili, nusu bei.
"Mwanangu," nikamwambia, "nusu bei ya nini?"

Kimya. Nyuma yake wenzake walivuma kama nyuki,
kila mmoja akimng'ang'ania mteja wake.
Halafu akashusha sauti:
"Bibi Deolinda, hata yangu ilikufa.
Mwaka wa pili huu. Wananikata kwenye mshahara."
Tukacheka, yeye kwa pua, asisikike,
mimi kwa kinywa chote, katikati ya ngazi,
mkoba wa barua ukinitikisika begani.
Kisha akarudi kwenye karatasi:
je, kuna jambo jingine naweza kukusaidia?

Nitakwenda benki kesho.
Kesho hiyo ilianza Juni.
Benki hufungua nikiwa ngazini, hufunga nikiwa ngazini,
na nikifika nyumbani miguu inasema
yuro kumi na moja si pesa ya kufa mtu.
Miguu haijui kuzidisha.

Jumanne iliyopita, mkobani mwangu,
bahasha yenye nembo yao. Jina: langu.
Nikaibeba mtaa hadi mtaa kwa zamu yake,
maana kazi ni kazi,
nikapanda hadi mlangoni pangu
nikajisukumia mwenyewe kwenye tundu la barua,
ndipo nikafungua mlango nikainama kuiokota.

Mpendwa mteja: kadi yako ya benki
itakwisha muda wake mwisho wa Novemba.
Wananiomba, kwa heshima zote,
niwape mpya, nisije nikakosa huduma.

Nimeibandika kwenye jokofu, kwa sumaku ya jogoo.
Kila asubuhi nasimama mbele yake na kikombe changu
na ninahesabu. Bila saa. Kwa kidole, kwenye kalenda.
Leo mama kanikuta natabasamu peke yangu,
akauliza zimebaki ngapi.

Arobaini, nikamwambia.
Arobaini kamili.