Makumbi ya Chokocho

Shimo la Mize Shaame liko chini ya mikoko,
limezungushiwa vijiti, limefungwa kitambaa chekundu
pasije mtu akafukua kisichokuwa chake.
Makumbi yamelala humo miezi sita,
yananuka mayai viza,
na harufu hiyo haitoki kwa sabuni ya mche
wala kwa udi wa siku ya harusi.

Tukiyatoa tunayaponda.
Gongo, jiwe. Gongo, jiwe.
Mpaka kumbi likubali kuitwa usumba.

Zamani tuliishia hapo.
Gari la Asaa lilikuja na mizani iliyoinama upande wake,
likapakia, likavuka bahari,
nyuzi zetu zikarudi Chake zimo matumboni mwa magodoro,
nasi tukayauliza bei, tukarudi kulalia majamvi.

Ndipo Riziki alipolichana godoro la mkwewe,
akavuta unyuzi, akaunusa.
"Hili," akasema, "shimo la Mize."
Tulicheka mpaka tukanyamaza.

Ijumaa ile hatukuuza.
Ijumaa ya pili hatukuuza,
watoto wakaenda skuli na muhogo mkavu.
Asaa akapiga simu, akapandisha shilingi hamsini;
simu ikalia peke yake juu ya kinu.

Sasa tunasokota wenyewe.
Fundi Mbwana wa Mtambile anachonga matendegu,
sisi tunawamba.
Vumbi la makumbi linakwenda Kengeja
kwa mwenye kitalu cha miche ya mikarafuu,
na Kengeja, wakifua nazi, hawachomi tena makumbi:
wanatuletea.

Hesabu anaandika Hidaya, kidato cha nne,
anatugombeza tukisema "kama pima mia hivi."
Kama? anauliza. Kama ndiyo ngapi?

Noti ya kwanza ya Fundi Mbwana niliitia nukta ya hina.
Nikalipa dagaa.
Muuza dagaa akashonesha kanzu,
mshonaji akanunua miche,
na Alhamisi, wallahi, mwenye kitalu
akanipa noti yenye nukta,
imechakaa, inanuka samaki,
haijapanda boti.

Sisemi tumetajirika.
Mizani tumeazima, paa la banda linavuja,
na mbuzi wa Time mpaka leo
amefungwa kamba ya nailoni.
Ya usumba, anasema Time,
anaila.