Kisanduku cha Nne

Fomu imebanwa kwenye friji kwa sumaku ya umbo la tango,
zawadi ya bure ya kiwanda cha achari.
Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa.
Leo Alhamisi. Nimeshaipangusa friji mara mbili
ili nisiisome.

Jorina atatimiza miaka sita mwezi wa nane.
Shule ya serikali, karo hakuna,
hesabu kwa Kisorbi, hadithi kwa Kisorbi,
hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni.
Watoto tisa wameandikishwa hadi sasa.
Tisa! Hata timu ya mpira haitimii.

Maik anakoroga kahawa iliyokwisha kukorogeka.
"Kingekuwa Kipolandi, sawa," anasema.
"Ng'ambo ya mto wanauza, wananunua,
wanang'oa meno kwa nusu bei.
Hicho chenu anakisema nani? Mawe ya makaburini?"
Anauona uso wangu. "Nauliza tu."

Ana haki ya kuuliza.
Yeye ndiye atakayekaa na mtoto jioni
mbele ya kitabu tusichokielewa sote wawili,
baba mzima anatamka maneno
kama mtu aliyetoka kwa daktari wa meno, ganzi haijaisha.

Mimi lugha hiyo niliisikia kupitia mlango.
Bibi aliitunza kwa mambo matatu:
madeni, magonjwa, na zawadi za Krismasi.
Alizungumza na dada yake kwenye simu ya ukutani;
nikiingia jikoni, alihama katikati ya sentensi,
upesi, kama anayefunika sufuria.
Sikuchapwa. Sikukatazwa.
Nilifunikiwa.

Kijiji chake hakipo.
Mashine ndefu kuliko mnara wa kanisa
ilikitafuna mwaka niliozaliwa,
makaa yalikuwa yamelala chini ya jiko lake.
Wakampa ghorofa ya nne mjini Cottbus, maji moto saa zote.
Akasema: hapa hata kuku hawanijui.
Akalisema kwa Kijerumani, ili tumwelewe.
Sasa shimo wanalijaza maji liwe ziwa,
na kibao cha barabarani kina majina mawili,
la pili kwa herufi ndogo.

Jumamosi tulikwenda kuitazama shule.
Mwalimu Hanka, msichana wa viatu vyenye matope,
hakuzaliwa nayo. "Nilianza nikiwa na miaka ishirini," alisema,
"na bado naota kwa Kijerumani."
Sijui kwa nini hilo lilinituliza
kuliko chati zote alizobandika ukutani.

Mtu akaacha mlango wazi, upepo wa Februari ukaingia,
karatasi zikaruka,
na watoto wote wakajikumbatia wakapiga kelele: Zyma! Zyma!
Jorina naye akajikumbatia, akapiga kelele.
Hakuuliza maana. Aulize ya nini?
Baridi ilikuwa shingoni mwake.

Wiki yake ya mwisho hospitalini
bibi alirudia neno moja, mchana kutwa, usiku kucha.
Nesi alidhani anamwita mtu, akauliza kama ana binti wa jina hilo.
Mimi nilidhani anakosa pumzi.
Nikamfungulia dirisha.

Garini Jorina alinisahihisha mara tatu.
Sisi Wajerumani herufi hiyo tunaitema kwa meno.
"Hapana, mama. Kama nyuki."
Nikajaribu. Nyuki wangu alikuwa mgonjwa.
Akacheka hadi akapata kwikwi.

Sasa Maik amelala, au anajifanya.
Nimeitoa fomu chini ya tango.
Jina la mtoto: rahisi. Tarehe. Anwani.
Kisanduku cha nne: Lugha ya nyumbani.
Naandika Kijerumani,
kisha naweka alama ya mkato,
na kalamu inabaki pale, wino unajikusanya.

Anakuja na soksi moja kutafuta maji,
anachungulia juu ya bega langu.
"Hujamalizia," anasema.
Najua.
Hebu funga hilo dirisha.