Makaa Ukutani

Lali alikufa mwezi una siku tatu,
umelala chali juu ya paa la jirani
kama upawa uliosahauliwa na mpishi.
Ndani ya ukingo ule mwembamba
niliuona mwezi mzima, wa kijivu, umejificha.
Mwana Esha akanifunga kitambaa cheupe, akaniambia:
"Miezi minne na siku kumi. Usihesabu, zitapita."
Nikahesabu.

Nyumba yetu ya Mkomani haina dirisha la kutazama watu.
Ina kiwanda cha ndani, na juu yake pembe nne za mbingu,
kubwa kama mkeka wa kulalia watoto watatu.
Mwezi ukitaka kunijia, upite hapo.

Usiku wa kumi na nne, Mfungo Tatu,
ulipita ukijibana upande wa kusini,
ukamulika kipande tu cha ukuta wa kibla,
juu kabisa, penye nakshi ya majani.
Nilipanda ngazi ya kazi ya Lali
nikachora mstari kwa kaa la seredani.
Mkono ulitetemeka.
Ukuta ule aliupaka mwenyewe,
chokaa iliyolazwa shimoni mwaka mzima,
akausugua kwa jiwe hadi ukawa kama ganda la yai.
Mtoto akiugusa kwa kidole chenye mafuta
alijulikana ni nani kabla hajanawa.

Na kila usiku ulizidi kuchelewa.
Leo baada ya isha, kesho watu wamelala,
keshokutwa wamebaki paka na punda.
Wiki haijaisha unakuja karibu na alfajiri,
umekatwa nusu, umepauka
kama mtu aliyemkeshea mgonjwa.
Kisha siku mbili, hakuna kitu:
mbingu yangu sufuria nyeusi iliyofunikwa.
Mwanzo nilinuna. Baadaye nilijifunza kuuacha uende.

Mfungo Nne mstari ukashuka shibiri.
Mfungo Tano, dhiraa nzima.
Mpwa wangu Famau akaja na daftari,
akanichorea dunia ilivyoinama, na jua, na mzingo,
nikamsikiliza mpaka chai ikapoa.
"Kwa hiyo utashuka?"
"Utashuka, shangazi."
Nilichotaka ni hicho tu.

Mfungo Sita matari ya Maulidi yalivuka mapaa
yakanikuta nimekaa na miguu yangu.
Usiku ule wa mbaamwezi, mwezi ukapatwa,
ukageuka rangi ya hina iliyozeeka kwenye kucha.
Msikitini walisali sala ndefu, nami nikasali peke yangu.
Kaa lilikuwa mkononi. Sikuchora.

Lali aliutazama mwezi mpevu kwa jicho la fundi:
"Aloupaka mvivu. Tokaa haikushika. Tazama madoa yale."
"Basi panda ukarekebishe."
"Na nani atalipa?"
Nilikuwa nikicheka kila mwezi, kichekesho kile kile.

Usiku wa kumi na tatu, Mfungo Saba.
Kukicha Mwana Esha ataleta maji, nguo ya rangi, udi.
Mwezi haujajaa, umebakisha ukucha upande mmoja.
Inakaribia saa sita ukasimama utosini,
ukaziacha kuta zote, ukashuka sakafuni,
ukanikuta mkekani.
Kivuli changu kilikuwa kidogo, kimejikusanya chini yangu
kama kuku anayeatamia.
Sikupanda ngazi. Nilichora alama chini, kando ya kisigino.

Famau anauliza kama alete brashi, apake juu ya makaa yangu.
Nimemwambia angoje.
Anasema miezi ijayo mwezi utavuka upande wa pili
na nuru yake itaanza kupanda ukuta wa kusini,
ule ambao Lali aliupaka hadi kifuani,
akashuka kunywa maji.