Mbeleko ya Gari Moshi

Hoza alinijia karakanani, Barabara ya Kumi na Tano,
na dohani mfukoni mwa koti,
imekatika shingoni.
Hakusalimu. Aliiweka kwenye meza yangu ya randa
kama mtu anayemletea mganga jino lake.

"Matuta ya Muheza," alisema.
Nikaelewa.

Miaka sita alilitengeneza gari moshi lile
uani kwake Chumbageni, nyuma ya tangi la maji:
futi nne na nusu, kilo sabini na mbili,
chuma chakavu, shaba ya mabomba ya zamani,
maji yanachemka kweli, king'ora kinalia kweli,
hata kuku wa jirani wakagoma kutaga Jumapili.
Na siku alipolipeleka Korogwe likaonwe na watu
alilaza godoro la sponji, akalilaza juu yake,
akalifunika blanketi, akamwambia dereva taratibu.

Ulaini ndio uliolivunja.
Nilimwambia hivyo, akanuna.
Kitu kizito kwenye sponji hucheza,
na kinachocheza, kila tuta hukitafutia ukuta.

Wanasema mbebwa hujikaza.
Lakini chuma hakina magoti ya kubana kiuno cha mama,
hakina vidole vya kushika kanga.
Basi sanduku ndilo lijikaze kwa niaba yake.

Nikapima. Nikapima tena.
Plaiwudi ya milimita kumi na nane,
mbavu za mtiki kutoka Longuza,
skrubu, si misumari: msumari husahau ulichoahidi
barabara ikianza kuutikisa.
Sakafuni nikalaza reli mbili fupi
lisimame kwa magurudumu yake, lijione kwao,
na mbele na nyuma vizuizi vya mpira wa tairi
vibane fremu, fremu tu.
Humshiki mtu sikio ukasema unambeba.
Dohani isiguswe. Boila lisiguswe.
Mikanda ipite chini, kwenye mifupa.

Vishikio nikavisuka kwa kamba ya mkonge,
upande wangu juu, upande wake chini,
maana mimi mrefu na Hoza mfupi,
na mzigo humwinamia mnyonge.

Akaomba jambo moja: matundu.
Nikacheka. Chuma nacho kinapumua?
Yeye hakucheka. "Tanga hii," alisema, "chumvi iko hewani.
Ukilifungia kabisa litatoka jasho,
na kutu itaamka kabla yako."
Nikatoboa kumi na mawili,
nikayaziba kwa wavu wa mbu.

Halafu aibu yangu, niiseme mwenyewe:
nilipima gari moshi, nilipima lori,
sikupima mlango wa Hoza.
Vidole viwili tu! Tukang'oa fremu,
mkewe Mwanamkasi katutazama, mwiko mkononi,
hasemi kitu,
na kutosema kwake kulikuwa kurefu.

Safari hii ilikuwa ya Mombo.
Nilikaa nyuma ya lori, sikio kwenye plaiwudi,
nikiwaza: kilichoundwa kivute, leo kinavutwa.
Pongwe. Muheza, matuta yote.
Segera, Hale, mashimo yasiyo na jina.
Nilisikia injini, mbuzi wa mtu, pumzi yangu.
Kutoka ndani, hakuna.
Hicho ndicho nilichokijenga wiki tatu:
ukimya.

Mombo tukafungua komeo nane.
Limesimama vile vile juu ya reli zake,
dohani wima, na kovu lake la kulehemu.
Hoza akapitisha kidole chini ya tumbo,
kikarudi na tone la oili.
Doa, kwenye sakafu yangu mpya.
Nikaanza kueleza, nikaanza kujitetea.

"Aa," akasema, akijifuta kwenye suruali,
"mtoto gani hajawahi kukojoa mbelekoni?"