Karani wa Mizani

Juni, Njombe. Chini ya jivu la jana kuna kaa moja hai,
nalichochea, nabandika sufuria.
Nje majani yamevaa barafu,
weupe ule ule wa povu ninalojipaka.

Miaka kumi na mmoja nimenyolea kichwa cha plastiki,
nyembe tano zimepangwa kama mbao zinazosubiri kukauka,
shingo inacheza, inafuata taya
kama mgeni anayekubali kila unalosema.
Sikatai, inanyoa.
Unanyoa huku unawaza ada,
umeme umekatika, basi la Makambako linapiga honi,
wala haikuulizi kitu.
Maswali yake yako dukani:
kwa Mgaya, vichwa vinne ndani ya kabati lenye kufuli,
bei debe la viazi, na chenji upewe peremende.

Ya baba ni chuma.
Nilikutana nayo mwezi ule aliposhindwa kushika kikombe.
Nilianza kumnyoa kwa yangu:
ndevu za wiki tatu, ngumu kama brashi ya viatu.
Nikapitisha mara tatu. Ya nne ikateleza tu,
imeziba. Nikagonga kwenye beseni,
nikapuliza, nikasugua kwa mswaki mkuukuu.
Yeye ananitazama, nusu ya uso ina povu:
"Watano wanagombea unywele mmoja.
Nenda sandukuni. Soksi ya kahawia."

Nzito. Mng'aro umebanduka pale vidole vilipokaa
tangu enzi za kiwanda cha miwati,
alipokuwa karani wa mizani, akipima magome,
na hakuna mkulima aliyewahi kumwambia umeniibia
(ndivyo alivyosimulia yeye).
Unazungusha mkia, milango miwili inainuka,
ndani umelala wembe mmoja
mwembamba kuliko risiti,
shilingi mia mbili.

Nikakandamiza, kama nilivyozoea.
Damu, chini ya sikio la kushoto.
Hakushtuka.
"Mkono wako una njaa," alisema.
"Usiisukume. Uzito inao yenyewe.
Wewe linda mlalo tu."

Hivyo nilijifunza kunyoa nina miaka arobaini na miwili,
juu ya uso usio wangu.
Kwaru, kwaru,
kama mtu anakwangua ukoko chumba cha tatu.

Agosti tulipomlaza, kidonda kile kilikuwa hakijafunga.
Waliomwosha hawakuuliza.

Soksi iko kwangu sasa.
Sisemi cha zamani ndicho bora,
nimejikata mara ngapi, muulize Tuganile
anayenibandua vipande vya gazeti kidevuni
tukiwa mlangoni mwa kanisa.
Na siku za haraka naichukua ile ya plastiki kimyakimya
kama mwenye mke anayekula hotelini.

Ila wembe ukichoka, humu ndani haufi.
Tuganile anafumulia mishono ya sweta za shule,
Vumi anachongea penseli, akigombezwa,
bibi yao anakatia kucha na kunung'unika ni butu.
Mwisho wake kopo la kakao, nimelitoboa mfuniko,
mwembamba kwa mwembamba, zinasinzia na kutu.

Kichwa cha plastiki hakichongi hata penseli.
Viko shimoni nyuma ya miparachichi,
vyote, vya miaka kumi na mmoja,
haviungui vizuri, haviozi,
na masika yakizidi vinaibuka juu ya tope
vinacheka, kila kimoja meno matano.

Maji yamepoa nikiwaza haya.
Nimebakiza chini ya sikio la kushoto.
Hapo huwa napita taratibu kuliko pengine.