Jeki ya Ayikoru

Jeki ya dukani ina vipande ishirini na kimoja.
Ayikoru alivipanga juu ya gunia,
akavihesabu kama mtu anayedaiwa.
"Hiki kinafanya kazi gani?"
Nikakuna kichwa.
Akakitupa koponi.

Hapa Arua, barabara ya Vurra,
dereva wa mihogo huinua lori kwa gogo na mawe,
akiomba asije akapiga chafya.
Jeki ya mafuta bei yake mbuzi wawili, nayo huvuja.
Mbuzi hawavuji.

Basi tukaanza kupunguza.
Mikono minne ikawa miwili,
springi ya Isuzu chakavu ikawa wayo,
parafujo moja nene aliikereza Onzima
umeme ukikatika mara tatu,
na kila uliporudi
meno yalipishana kwa unene wa uzi.

Ya kwanza ilipinda. Ya pili
iliinua gari vizuri, ikakataa kulishusha.
Tulicheka mpaka mwenye gari akanuna.

Ya tano ina vipande saba.
Ijumaa tuliiweka chini ya ekseli, mzigo ukiwa juu.
Ayikoru akazungusha kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika chapati.
Gurudumu likaachana na vumbi:
upana wa kidole, kisha wa kiganja.
Hakuna aliyepiga makofi.

Mimi nililitazama lile kopo,
limejaa vyuma vizuri, vinavyong'aa,
ambavyo miaka yote tumevilipia
bila kuvihitaji.

Ayikoru akamaliza chapati, akajipangusa grisi.
"Saba," akasema, "bado ni vingi."