Kasma ya Mita Kumi na Moja

Kikao cha saa tatu kilifunguliwa saa tano kasorobo.
Ukungu ulikuwa haujapanda wala haujashuka, umekaa tu
kwenye madirisha ya ukumbi kama mjumbe asiye na hoja.
Akidi ilitimia chai ilipofika.
Niliandika: akidi ilitimia.
Chai sikuiandika.

Mimi ndiye karani. Kazi yangu kuchuja.
Mheshimiwa akimwaga maneno mia mbili
mimi nabakiza kumi na mawili, yaliyovaa tai.

Fungu la kwanza: lango la jiji, upande wa waendao Tunduma,
lenye neno KARIBUNI na taa za rangi tatu.
Likapita. Waliosema ndiyo walisema ndiyo
swali likiwa bado kinywani mwa mwenyekiti.

Fungu la pili: viti vya ukumbi huu, vimechakaa.
Likapita, wajumbe wakiwa wamevikalia.

Fungu la tatu: daraja la miguu, Mto Mkafwe, mita kumi na moja.
Hapo mweka hazina akavua miwani.
Akazungumzia makusanyo ya stendi,
ushuru wa viazi uliovujia njiani,
akazungumzia bakaa
(neno zuri, bakaa, linasikika kama ukoko
unaokwanguliwa chini ya sufuria).

Diwani Ambakisye akasimama.
Ana sweta moja, ya kijani, sote tunaifahamu.
Hakufungua kabrasha. Alitoa daftari la shule.
"Mheshimiwa Mwenyekiti, daraja tunalo tayari.
Linaitwa Tusajigwe. Lina miaka kumi na tisa.
Masika linavua viatu, linaweka watu mgongoni,
mia mbili kwa kichwa, mia tatu mwenye gunia,
wanafunzi bure, isipokuwa wanene."
Ukumbi ukacheka.
"Nimehesabu misimu minne. Tumeshalilipa
milioni nne, laki sita na elfu sabini.
Mhandisi atuambie, hizo ni nguzo ngapi?"

Mhandisi aliitazama kalamu yake.
Muhtasari hauna safu ya kicheko,
wala safu ya kilichofuata kicheko.
Niliandika: mjumbe alichangia.

Wakabishana mpaka Loleza ukajitokeza, ukajificha tena.
Mmoja alisema lango lipunguzwe rangi moja ya taa.
Akaombwa akae.
Mwisho mwenyekiti, mtu mwenye huruma na mwenye safari,
akatoa mwongozo: lipite, ila kwa nusu.
Nusu ya fedha. Mto haukuombwa kujipunguza.
Mita tano na nusu za daraja, kuanzia upande wa huku,
na wote wakasema ndiyo, hata Ambakisye,
aliyeisema kwa sauti ya mtu anayepokea chenji pungufu
na nyuma yake kuna foleni.

Jioni nilishuka Mkafwe, kabrasha tumboni, chini ya koti.
Mvua ilikuwa imenyesha huko juu; maji yana rangi
ya chai ile ile.
Tusajigwe akachuchumaa bila kunitazama.
Mgongo wake una joto la mtu aliyekwishabeba mtaa mzima.
Katikati, pale maji yanapomfika kiunoni, akauliza:
"Wamesemaje?"
Nikamwambia.
Akasimama. Nilihisi mbavu zake
zikifanya hesabu.
"Basi zilizobaki ni zangu," akasema.
"Na bei itabidi nishushe nusu."

Alinitua juu ya jiwe. Nikampa mia tano, hakuwa na chenji.
"Si utavuka kesho?"
Nitavuka.
Kesho tunathibitisha muhtasari.